Mwadingusha: Seva ya nyumbani ikikataa, tafuta kosa kabla ya kununua mega

Mwadingusha, karibu kilomita 70 kutoka mji wa Likasi, inatoa umeme tangu mwaka 1930. Mashini zake sita zinazungushwa na maji ya mto Lufira, yanayotunzwa nyuma ya bwawa katika ziwa Tshangalele. Baada ya ukarabati uliofanywa na SNEL pamoja na kampuni ya Ivanhoe Mines na washirika wake, na uliomalizika mwezi wa tisa 2021, kituo kilifikia nguvu ya megawati 78. Umeme huo unaingia kwenye mtandao wa taifa, na ni katika mtandao huo ndimo mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, unapata sehemu ya nguvu zake.

Lakini kukaa karibu na turubini si kukaa karibu na intaneti. Katika sehemu nyingi za Haut-Katanga zilizo mbali na miji, intaneti ni ile ya simu, inayonunuliwa kidogo kidogo kwa mega. Mwalimu anayetaka kuwapa wanafunzi 40 kitabu kimoja cha PDF anajua hesabu hiyo: kila mwanafunzi anapakua peke yake, kila mmoja analipa mega zake, na kitabu ni kile kile.

Ndiyo maana wazo la seva ya nyumbani linawavutia vijana wanaojua kompyuta. Seva si kitu cha ajabu. Ni kompyuta moja, hata laptopu ya zamani, inayokaa wazi muda wote na kuwapa wengine mafaili au kurasa za tovuti kupitia Wi-Fi ya nyumba, ya shule au ya kituo cha afya. Watu walio karibu wanasoma bila kutumia hata mega moja. Shida inaanza siku mambo yanakataa: folda haionekani, ukurasa haufunguki, au kila kitu kinaonekana nyumbani ila mtu wa Likasi haoni kitu. Wengi hapo wanakata tamaa, au wanafungua kila mlango wa kompyuta bila kujua wanamfungulia nani.

Makala hii inaeleza namna ya kutafuta kosa hatua kwa hatua.

Jaribu mara tatu

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, jua kwanza kosa linakaa wapi. Majaribio matatu yanatosha.

La kwanza: fungua ukurasa kwenye seva yenyewe, kwa kuandika 127.0.0.1 mahali pa anwani. Namba hiyo kwa kila kompyuta maana yake ni “mimi mwenyewe”. Kama hapo haufunguki, usilaumu ruta wala kampuni ya simu. Programu ya tovuti, iwe Apache au Nginx, imesimama au imepangwa vibaya.

La pili: chukua simu iliyo kwenye Wi-Fi ile ile, uandike anwani ya seva ndani ya nyumba, ambayo mara nyingi inaanza na 192.168. Kama jaribio la kwanza lilipita na hili limekataa, kosa liko kati ya seva na simu: ukuta wa ulinzi wa kompyuta, au ruta.

La tatu: zima Wi-Fi kwenye simu, ubaki na mega, kisha jaribu anwani ya nje. Kama ni hili tu linakataa, seva yako ni nzima. Tatizo ni njia ya kutoka nje, na litaelezwa chini.

Jaribio hili la tatu lina mtego. Ruta nyingi haziruhusu mtu aliye ndani ya nyumba kujiita kwa anwani yake ya nje. Ukiwa kwenye Wi-Fi unaweza kuamini kwamba tovuti imekufa, kumbe rafiki yako Lubumbashi anaisoma vizuri. Kwa hiyo pima nje ukiwa nje kweli.

Jana ilionekana, leo haipo

Kosa la kawaida kabisa ndani ya nyumba ni anwani kubadilika. Ruta inagawa anwani kwa kila kifaa, na umeme ukikatika na kurudi inaweza kuzigawa upya. Seva iliyokuwa 192.168.1.10 inaamka ikiwa 192.168.1.14, na watu wote wanaendelea kugonga mlango wa zamani. Dawa yake ni kuingia katika ruta na kuitengea seva anwani moja isiyobadilika.

Kosa la pili ni ruta inayotenga wateja wake. Ruta ndogo za 4G na Wi-Fi za “wageni” mara nyingi zinaruhusu kila simu kwenda kwenye intaneti lakini zinakataza simu moja kuongea na kifaa kingine cha ndani. Kila mtu ana intaneti, hakuna anayeona seva. Tafuta chaguo hilo katika mpangilio wa Wi-Fi na ulizime, au hamisha seva na simu kwenye Wi-Fi ya kawaida.

Kosa la tatu liko ndani ya simu zenyewe. Simu ya kisasa ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, inarudi kimya kimya kwenye mega. Mwanafunzi anaona alama ya Wi-Fi, lakini ombi lake linatoka kwa kampuni ya simu, ambako seva yenu haijulikani. Mwambie azime mega kwa muda, au akubali simu inapouliza kama abaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti.

Folda inayokataa kufunguka

Kushirikiana mafaili kati ya Windows na Linux kunapitia lugha inayoitwa SMB. Kwenye Linux inasemwa na programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lugha hiyo ina matoleo, na toleo la kwanza, SMB1, ndilo lenye hatari.

Tangu mwaka 2017 Windows 10 mpya zinakuja bila SMB1. Mwezi wa tano wa mwaka huo virusi vya WannaCry vilitumia udhaifu wake na kufunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, kisha vikadai malipo. Kwa hiyo kifaa cha zamani kinachojua SMB1 peke yake hakitaonekana kwenye kompyuta mpya. Watu wengine watakushauri uirudishe SMB1. Usikubali. Ni afadhali kuweka toleo jipya la programu upande wa seva.

Windows mpya pia zinakataa kuingia katika folda ya pamoja bila jina na neno la siri. Zamani “mgeni” aliingia bure. Leo anapata ujumbe wa kukataliwa. Tengeneza mtumiaji kwenye seva na umpe neno la siri la Samba, ambalo ni tofauti na lile la kuingia katika Linux yenyewe. Hapo wengi wanapotea: wameweka moja, wamesahau la pili.

Kama folda inafunguka lakini huwezi kuandika ndani, tazama ruhusa za folda kwenye diski. Samba inaweza kusema “ndiyo” wakati Linux inasema “hapana”, na linalotawala ni lile hapana. Na kwenye Windows, hakikisha Wi-Fi ya nyumba imewekwa kama mtandao wa binafsi. Ukiiweka kama ya umma, Windows inajificha na kukataa kushiriki.

Namba za makosa zinasema kitu

Upande wa tovuti, ujumbe wa kosa ni msaada. Namba 404 maana yake seva imesikia lakini haikupata faili. Kwa anayetoka Windows kwenda Linux, sababu mara nyingi ni herufi: kwa Linux, “Matokeo.pdf” na “matokeo.pdf” ni mafaili mawili tofauti. Namba 403 maana yake faili ipo lakini seva haina ruhusa ya kuisoma, basi rudi kwenye ruhusa za folda. Namba 502 maana yake mlinzi wa mlangoni yuko macho, lakini programu iliyo nyuma yake, ile inayotengeneza kurasa, imeanguka.

Na kama hakuna namba, ukurasa unazunguka tu mpaka unachoka? Hapo ombi halijafika. Angalia ukuta wa ulinzi kama unaruhusu mlango 80 na mlango 443, ambayo ni milango ya tovuti.

Umeme ukikatika

Katika nchi yetu delestaji inajulikana hata kwa mtoto. Kwa seva, kukatika kwa umeme kunaharibu zaidi ya saa za kazi. Kompyuta iliyokuwa inaandika faili inakatwa katikati ya neno. Kadi za memori zinazotumika katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi ndizo zinazoumia zaidi.

Kuna alama moja inayoogopesha watu bure. Umeme unarudi, seva inaamka, folda ya pamoja inaonekana, lakini ni tupu. Mtu anaamini kwamba masomo yote ya mwaka yamepotea. Mara nyingi hayajapotea. Diski ya nje imechelewa kuamka, seva haikuiunganisha, na sasa inaonyesha folda tupu iliyo chini yake. Hatari inakuja baadaye: watu wakianza kuweka mafaili mapya humo, yanajaza kadi ndogo ya seva na kujificha siku diski itakapounganishwa. Ukiona folda tupu baada ya umeme kurudi, usiandike kitu. Unganisha diski kwanza, kisha uipange iunganishwe kwa namba yake ya kipekee kila seva inapowaka.

Raspberry Pi nyingi pia hazina saa inayoendelea kutembea bila umeme. Zikiwaka bila intaneti, zinaamini bado ni siku ya zamani. Mafaili yanapata tarehe za uongo, na kazi zinazotegemea tarehe, kama kusasisha vyeti vya usalama vya tovuti, zinakwama. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90. Tovuti iliyofanya kazi miezi mitatu na ghafla inawatisha wasomaji kwa onyo la usalama, karibu kila mara ni cheti kilichokwisha muda bila mtu kujua.

Kwa umeme wenyewe, hesabu si ngumu. Kompyuta ya mezani ya zamani inaweza kula wati 50 mpaka 100. Raspberry Pi inatosheka na wati kama 5, yaani wati-saa 120 kwa siku nzima. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, inaishikilia seva hiyo karibu siku mbili na nusu. Paneli ndogo ya jua inairudishia nguvu. Laptopu ya zamani nayo ina faida: betri yake, kama bado inashika, ni onduleri iliyokwisha kununuliwa. Na kwenye kompyuta ya mezani, ingia katika mpangilio wa mwanzo na uiambie iwake yenyewe umeme ukirudi. La sivyo seva italala mpaka mtu arudi nyumbani.

Kwa nini Likasi hawaoni

Sasa turudi kwenye jaribio la tatu. Umefungua milango kwenye ruta, kila kitu ndani ni sawa, nje hakuna kitu. Sababu mara nyingi haiko nyumbani kwako.

Kila kifaa kwenye intaneti kinahitaji anwani, na zile za aina ya zamani, IPv4, zimekwisha. Hazina kuu ya dunia ilimalizika mwezi wa pili 2011, na AFRINIC, shirika la Mauritius linalogawa anwani kwa Afrika, liliingia katika hatua ya mwisho ya kugawa kwa kipimo mwezi wa kwanza 2020. Kwa hiyo kampuni za simu zinaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama nyumba nyingi zenye sanduku moja la posta: barua mnazotuma zinatoka vizuri, lakini anayewaandikia kutoka nje hajui mlango wa nani.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Ingia kwenye ruta, usome anwani iliyopewa na kampuni. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya nje. Kama hazifanani, au ile ya ruta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Hata ukifungua milango yote ya ruta, hautapata kitu.

Starlink, ambayo ARPTC iliipa ruhusa mwezi wa tano 2025 baada ya kuikataza mwaka 2024, nayo kwa kawaida inawaweka wateja wa nyumbani nyuma ya anwani ya pamoja. Antena mpya inaleta mwendo, lakini haitoi peke yake jibu kwa anayetaka kupokea wageni.

Zinabaki njia tatu. Ya kwanza ni kuomba anwani ya umma kwa kampuni yako, mara nyingi kwa malipo ya ziada. Ya pili ni handaki: seva yako inapiga simu yenyewe kwenda kwenye kompyuta iliyo nje yenye anwani ya umma, na wageni wanapitia huko. Cloudflare Tunnel inafanya hivyo kwa tovuti. WireGuard na Tailscale zinafaa kwa watu wachache wanaojuana. Ya tatu ni kutoweka tovuti ya umma nyumbani kabisa.

Njia hiyo ya tatu si ya aibu. Fanya hesabu: video ya megabaiti 40 ikitazamwa na watu 100 walio nje, ni gigabaiti 4 zinazotoka kwenye mega zako. Tovuti inayosomwa na dunia ni afadhali ikae kwa kampuni inayopangisha nafasi. Seva ya nyumbani ibebe kile kinachotumiwa na watu wa hapo hapo.

Mlango usiofunguliwa kamwe

Kuna mlango mmoja usiofunguliwa kwa intaneti hata kwa dakika tano za kujaribu: 445, ule wa kushiriki mafaili. WannaCry ilipitia hapo. Programu za kuchungulia zinazunguka intaneti usiku na mchana zikiutafuta. Mwenzako wa Likasi akihitaji mafaili, mpe handaki la WireGuard au Tailscale, au tumia Nextcloud kupitia mlango 443 yenye cheti na maneno ya siri mazuri.

Hili linagusa pia sheria. Kodi ya dijitali ya Kongo, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inalinda habari za watu binafsi. Orodha ya wagonjwa au pointi za wanafunzi kwenye laptopu ya sebuleni bado ni siri za watu, na anayezitunza anawajibika.

Faida iko wapi

Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima. Ilirudi karibu siku 20 baadaye. Katika siku hizo, kilichokuwa kwenye mawingu ya Ulaya na Marekani hakikufikiwa. Faili iliyokaa kwenye seva ya mtaani haikuhitaji ruhusa ya mtu.

Mfano wa watu kujipanga wenyewe upo Kongo. Katika kisiwa cha Idjwi, kwenye ziwa Kivu, wakaaji walipata mtandao wa jumuiya unaoitwa Pamoja Net. Na kwa asiyehitaji hata intaneti, programu ya bure ya Kiwix inaweka Wikipedia ya Kifaransa nzima kwenye diski, zaidi ya gigabaiti 30 pamoja na picha. Inapakuliwa mara moja Likasi au Lubumbashi penye mtandao mzuri, inabebwa mfukoni, na inasomwa na shule nzima kwa Wi-Fi.

Sharti moja: nakala. Seva moja yenye diski moja ni faili moja inayongoja kupotea. Weka nakala tatu, katika vifaa viwili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba, kwa ndugu Likasi kwa mfano. Diski mbili zinazofanana ndani ya sanduku moja hazihesabiwi, kwa sababu radi moja inazichoma zote na mwizi mmoja anazibeba zote. Kisha mara moja kwa mwezi chagua faili moja kutoka kwenye nakala na uifungue. Nakala isiyofunguka haina kazi, na ni afadhali kulijua hilo kabla diski kubwa haijafa.